Kinyonga Aachwe Mtini

Nasikia kwamba hata sasa kinyonga akionekana katika ua wa shule yetu hupigwa mawe. Jambo hili si haki, na ninayo sababu ya kulisema, kwa kuwa kitanda changu kilikuwa jirani na cha mvulana aliyemfuga mmoja.

Wanafunzi wa zamani watamkumbuka Bwana Polepole. Alikuwa dume wa pembe tatu, wa namna ile ipatikanayo katika vilima vyetu vya Kigezi na ng'ambo katika Rwanda na Kongo, urefu wake karibu rula nzima. Mwenzetu alimweka katika sanduku la mbao lenye wavu, akimlisha panzi. Mpishi aliapa kwamba hatatia ugali jikoni maadamu shetani yule yu bwenini. Wengine walisema ana sumu. Kinyonga hana sumu hata chembe, wala hamfukuzi mtu, na kwa mwendo wake angemfukuza nani?

Tulijifunza mengi kwake. Jicho moja lilitazama mbele na jingine nyuma, na ulimi ulitoka mrefu kuliko mwili wake. Tena tuliambiwa kwamba hugeuza rangi afanane na mahali alipo. Basi tulimweka juu ya blanketi jekundu, na watu wakawekeana dau la sukari. Hakuwa mwekundu; alikuwa mweusi kwa ghadhabu. Kumbe rangi yake hufuata zaidi baridi, hasira, hofu na kutafuta jike. Asubuhi za baridi huwa mweusi ili apate joto la jua upesi.

Lakini maji yalileta taabu. Aliwekewa kibakuli, asikiguse. Kinyonga hulamba matone yaliyo juu ya majani, na bwenini hakuna umande. Juma la tatu macho yake yalikuwa yamedidimia na mbavu zinahesabika. Mwenzetu hakungoja afe: alimpandisha juu ya mti nyuma ya jiko, na mvua ya jioni ile tukamwona akinywa. Wako waliomcheka kwa kumwachia mnyama wake. Mimi naona hilo ndilo jambo bora alilolitenda mwaka ule, kuliko hata mabao yake.

Kosa la sanduku si la watoto peke yao. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika visiwa vya Hawaii aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda kwa kiu, akawaachia uani wapate nafuu. Wakatawanyika, na wazao wao wamejaa huko, wakila wadudu na konokono wa nchi ambayo haikuwajua kamwe.

Kwa hiyo ombi langu kwa Bwana Mkuu wa shule ni kwamba ua ulio nyuma ya jiko usifyekwe wote siku moja, bali nusu nusu, na mawe yakatazwe kwa sheria ya shule. Mwalimu wa elimu ya viumbe na awapeleke darasa la kwanza pale pale na madaftari yao. Asubuhi ndiyo wakati mwema, kabla jua halijapanda, kwa maana hapo huwa bado hajaanza kutembea.