Matokeo ya Kizuka yasomwe pamoja na wanafunzi wake

Matokeo ya mtihani yakitoka, tunaikaripia shule bila kuuliza akina nani wameketi kwenye madawati yake. Kizuka, Burundi, kuna watoto wa wavuvi na wa mashamba ya michikichi, na wa familia zilizokimbia mauaji ya 1972 na kurejea kutoka Tanzania miaka ya 2000. Wengi waliorejea walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Huku wakakuta Kirundi, kisha Kifaransa. Mtoto anaijua hesabu, akiitwa ubaoni anakosa neno. Huyo si mjinga, na inauma kumwona akirudia darasa.

Na si lugha tu: ada ya shule za msingi ilifutwa 2005, hatua njema, lakini madarasa yalifurika. Wizara itangaze alama pamoja na idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, na ilete walimu wanaojua Kiswahili.