Juu ya nini Kamala alinyimwa kusema?



Leo tuko na neno juu ya kechi. Wamoja watasema gazeti la shule ya kiprotestanti si mahali pake, lakini kila mutu mwenye kulala katika internat anajua kwamba siku ya posho jioni maneno ya kechi yanapita maneno ya mupira na hata ya examen. Wenye telefone wanaonyesha wenzao mapigano ya zamani ya Marekani, na katika yote hakuna yanayochekesha watu kuliko mapigano ya yule aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda. Sisi ni wapenzi wa kechi, hatutaki mutu aikataze. Lakini mupenzi wa kitu hapashwi kufunga macho. Sisi tunaona kwamba yule mutu alionyeshwa vibaya mbele ya watu, na nyuma ya pazia akatendewa vibaya zaidi.

Kwanza mumujue. Kamala hakuwa mutu wa Uganda hata kidogo. Jina lake ni James Harris, alizaliwa mwaka wa 1950 katika jimbo la Mississippi, kule Marekani, katika jamaa masikini ya watu weusi waliolima mashamba ya wengine. Baba yake aliuawa yeye angali mutoto mudogo. Shule hakuimaliza. Alichuma matunda, akaendesha gari kubwa za mizigo, kisha akajifunza kechi na kuanza kupigana mwaka wa 1978. Wakati ule alijiita Sugar Bear Harris. Alipigana mpaka Uingereza, na hakuna aliyemujali sana. Mwaka wa 1982 alikuwa amerudi Marekani, na pale Memphis wenye kupanga mapigano, Jerry Jarrett na Jerry Lawler, wakatazama urefu wake wa metre 2 na ule mwili wake munene, wakapata wazo. Wakamuvua viatu. Wakamupaka rangi usoni, nyota kifuani na mwezi tumboni, wakamufunga kiunoni kitambaa cha madoadoa sawasawa na ngozi ya chui, wakamupa mukuki. Zile picha za kwanza za kuonyesha eti yuko ndani ya pori la Afrika zilipigwa kwenye shamba la Jarrett, palepale Tennessee. Halafu wakatangaza kwamba ametoka Uganda, kwamba alikuwa mulinzi wa Idi Amin, na kwamba anakula watu.

Uganda! Sisi hatuhitaji karta ya jiografia juu ya kujua Uganda. Wachuruzi wa Butembo na Beni wanapita Kasindi kwenda kununua bidhaa Kampala, wanarudi na vitambaa na vyombo, na bado hatujasikia mama mumoja aliyeliwa njiani. Shule kubwa ya Makerere ilianza mwaka wa 1922. Lovanium yetu ya Kinshasa ilianza mwaka wa 1954. Basi wale wanaoitwa wala-watu walitupita miaka 32 katika masomo ya juu. Tunacheka, lakini kuna jambo moja ambalo halichekeshi. Idi Amin alitawala toka 1971 mpaka 1979. Katika mwezi wa Februari 1977 Askofu mukuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa juu ya kusema ukweli mbele ya utawala ule, na makanisa yetu yanalikumbuka jina lake. Hakuwa peke yake, waliouawa walikuwa wengi mno. Miaka mitano tu ikapita, na kule Memphis jina la Amin likawa pambo la kuuzisha tikiti. Mutu anayejua kile kilichopita Kampala hawezi kulisikia jina lile katika ringi na kupiga makofi.

Tulipoongea maneno haya na wenzetu wa darasa la tano walitujibu kwa nguvu. Wanasema: kechi ni teatri, kila mutu anajua. Hulk Hogan naye alivaa nguo za ajabu na kupasua shati lake. Undertaker alijifanya maiti. Nani alilia juu ya maiti? Tena wanasema bila ile rangi Harris angebaki Sugar Bear asiyejulikana, lakini kwa ile rangi alipigana na Andre the Giant, na Hogan, na wakubwa wote wa wakati wake.

Ni jibu zuri, na nusu yake ni ya kweli. Sisi hatulaumu rangi, wala nguo, wala kwamba kila kitu kilipangwa mbele. Tunalaumu kitu kimoja: alinyimwa mudomo. Muangalie vizuri zile video. Hogan anasema. Undertaker, ingawa ni maiti, anasema. Andre, ambaye Kiingereza kilimusumbua juu alikuwa Mufaransa, anasema. Kamala anapiga tumbo lake na kunguruma. Waliandika hata kwamba hajui kumushinda mutu: mara nyingi alilala juu ya muchezaji aliyelala kifudifudi, asijue kwamba inafaa kumugeuza kwanza, na watazamaji wakacheka sana. Na kando yake alitembea mutu mwingine aliyefunikwa uso, na kofia ngumu ya kikoloni kichwani (ile wazee wetu wanaijua vizuri), mwenye kumuongoza kama vile mutu anaongoza ngombe. Huyu aliitwa Kim Chee, ambalo ni jina la kabichi ya chumvi na pilipili ya Wakorea. Kwa wenye kupanga, Korea na Uganda na pori yote ilikuwa chungu kimoja.

Mwisho wa mwaka wa 1992 wakaongeza hadithi ingine, na hii inatugusa sisi watoto wa kanisa. Wakamuleta muhubiri mweusi, Reverend Slick, ambaye baadaye katika maisha ya kweli pia alikuwa mutumishi wa Mungu. Slick akamukuta Kamala anapigwa na waongozi wake, akamutetea, akamwambia kwamba yeye si munyama, yeye ni mutu. Akamufundisha kuvaa na kucheza mupira wa kuangusha vijiti. Mwalimu mumoja wetu alituambia kwamba hapo njo pahali pazuri katika hadithi nzima, kwa sababu Injili inasema vile. Tunamuheshimu mwalimu, lakini hatuko pamoja naye kwa hii. James Harris alikuwa mutu toka siku aliyozaliwa Mississippi. Alikuwa mutu aliyependa kuimba na kutunga nyimbo zake. Kwa nini kuleta muhubiri amufundishe kuwa mutu, na hata pale aendelee kunguruma? Na mwaka wa 1993 haujaisha, kazi ile ikakatika.

Sasa tuseme juu ya feza, kwa maana hapo njo kinywa kilichofungwa kinaleta hasara. Tarehe 29 Agosti 1992 Kamala alipigana na Undertaker katika kiwanja cha Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80.000. Mutu mwenye kusimama mbele ya watu wengi vile, tungefikiri atarudi nyumbani na kitu. Harris mwenyewe alisema baadaye kwamba alilipwa sehemu ndogo tu ya feza aliyopata mwenzake, na aliposema hivyo alikuwa na uchungu. Wapiganaji wa ile kampuni (wakati ule iliitwa WWF, toka 2002 inaitwa WWE) wanahesabiwa kama watu wenye kujitegemea, si wafanyakazi. Mutu akiugua, ni shauri lake. Harris akarudi kuendesha magari ya mizigo. Ugonjwa wa sukari ukamukamata, mwaka wa 2011 wakamukata muguu wa kushoto, mwaka wa 2012 wa kuume. Alikaa katika kiti cha magurudumu, akitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Wapenzi wa kechi wakachanga feza kumusaidia, na hao tunawasifu. Mwaka wa 2016 aliingia pamoja na wapiganaji zaidi ya 50 katika mashitaka juu ya kampuni, wakidai kwamba vichwa vyao viliumizwa katika kazi bila kulindwa. Mwaka wa 2018 muamuzi akayakataa. Tarehe 9 Agosti 2020 alikufa na korona, mwenye miaka 70. Mbele ya kufa alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, na kichwa cha kitabu kinasema, kwa lugha yetu, kwamba Kamala anasema. Basi mudomo alikuwa nao siku zote.

Kuna waliotuuliza: na kechi ya kwetu? Kule Kinshasa wapiganaji wanakuja na fetishi, wanajipaka pemba, wanavaa ngozi na vinyago, wanatembea katika kartie na ngoma mbele ya mapigano, mpaka watoto wanakimbia. Ninyi wanafunzi wa kiprotestanti, munalia juu ya mukuki wa Mississippi na munanyamaza juu ya fetishi ya Kinshasa? Hapana, hatunyamazi, fetishi hatuitaki, na wachungaji wetu wameisema vizuri kuliko sisi. Lakini ni ugomvi mwingine. Yule wa Kinshasa anajipaka mwenyewe. Anasema na watu wa kartie yake kwa Kilingala, anajisifu, anatukana mwenzake, anajibu wanaomuzomea. Akisema uongo juu yake, ni uongo wake. Harris alibeba uongo wa watu wengine juu ya inchi ambayo hakuzaliwa.

Na si yeye tu. Mwaka wa 1990 kampuni ileile ilimutwaa Tony Atlas, mutu mwenye nguvu ambaye mwaka wa 1983 yeye na Rocky Johnson walikuwa watu weusi wa kwanza kushika pamoja mukaba wa wawiliwawili wa WWF. Wakamuvika manyoya kichwani, wakamupa ngao na mukuki, wakamwita Saba Simba. Wasomaji wa Kiswahili, mumesikia? Saba Simba! Si simba saba, si simba wa saba. Mutoto wa darasa la pili la msingi angewasahihisha bule. Atlas mwenyewe hakukataa kazi ile, maana alikuwa ameanguka sana katika maisha na kazi ilimuinua. Hatuwezi kumuhukumu mutu mwenye njaa. Tunawauliza wenye kumupa ile nguo.

Muangalie tena hii. Kofi Kingston amezaliwa Ghana, Mwafrika wa kweli wa Afrika. Alipoingia WWE mwaka wa 2008 walimutangaza kwamba ni mutu wa Jamaika, akasema kwa sauti ya Jamaika zaidi ya mwaka muzima. Mumarekani wanamufanya Mwafrika, Mwafrika wanamufanya Mujamaika! Lakini hapa njo tunataka wapenzi wote wa kechi wasikie vizuri. Mwanzo wa mwaka wa 2019 Kofi alikuwa ametumika pale miaka 11 bila kushika mukaba mukubwa. Mwenzake mumoja akaumia, yeye akawekwa pahali pake, akapigana vizuri sana, na watazamaji wakaanza kupiga kelele ya jina lake kila pahali. Hawakunyamaza. Kampuni ikaona haiwezi kuwapita, na tarehe 7 Aprili 2019 akamushinda Daniel Bryan na kuwa Mwafrika wa kwanza mwenye kuzaliwa Afrika kushika ule mukaba. Katika miezi iliyofuata alikwenda kutembelea Ghana na akapokelewa kwa furaha. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule wakamupiganisha na Brock Lesnar, wakamwangusha chini ya sekunde 10. Miaka 11 ya kungoja, sekunde 10 za kunyanganywa. Wapenzi wengi walikasirika, na sisi tungali na kasirani.

Kwa hiyo tusiambiane kwamba watazamaji hawana nguvu. Kelele yao ilimupandisha Kofi. Kicheko chao pia kilimulisha Kamala miaka mingi. Kama watu wa Memphis wangenyamaza siku ya kwanza, ile rangi ingeoshwa siku ya pili. Kwetu hapa video inapita toka telefone mpaka telefone, na tunaomba kitu kidogo tu: mwenye kuionyesha aseme jina, James Harris wa Mississippi, aseme pia ile miguu yake ilivyokatwa. Kisha mwenye kutaka kucheka acheke.

Imebaki Apollo Crews, na juu yake hata sisi wenyewe hatujapatana. Amezaliwa Marekani na wazazi wake wana asili ya Nigeria. Mwaka wa 2021 akageuka mara moja mutu wa ukoo wa kifalme, na mukuki na walinzi na sauti mupya, akaushika mukaba wa pili. Wawili kati yetu wanasema ni Kamala tena. Wengine wanasema hapana: huyu anasema, anachagua maneno, na Nigeria ni ya baba yake kweli. Wenye neno juu ya hii waandike, karatasi moja tu, waitie katika sanduku la gazeti kwa mulango wa biblioteke mbele ya siku ya tano.