Feni Isipozunguka, Nani Alipe?

Ndugu madereva, gari ikichemka hapa Bwiza shauri huwa limekwisha kabla ya kusikilizwa: dereva kalala, dereva akatwe. Gasketi ya silinda hedi inalipwa kidogo kidogo kwa jasho lake, na nyumbani watoto wanakula ugali mtupu. Hatukubali. Kwanza itazamwe feni.

Feni ya gari ndogo za siku hizi, kama Probox zinazopanda Bugarama, haivutwi na mkanda wa injini. Ina mota yake ya umeme, nayo hungoja amri. Ndani ya maji ya injini mna sensa. Maji yakifika nyuzi 95 hivi, rilei inaunganisha umeme na feni inazunguka. Yakipoa nyuzi chache, inanyamaza. Kwa hiyo feni iliyotulia asubuhi si mbovu, na inayozunguka baada ya gari kuzimwa haina uchawi (mikono mbali tu). Ukiwasha kipoza hewa, katika gari nyingi feni huanza papo hapo. Hicho ni kipimo cha bure cha kujua kama mota ni nzima.

Gari ikienda kilomita 60 kwa saa, upepo wenyewe unatosha kupoza rejeta. Taabu ni mlima. Kutoka ziwani, mita 770 na kitu, barabara ya Bugarama inapanda kupita mita 2,000, na dereva yuko nyuma ya lori lenye shehena, gia ya kwanza, gia ya pili. Huko juu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, yaani kabla feni haijaamka! Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta, kinachobana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko kikilegea, hata feni nzima haitoshi.

Sasa, nani alinunua kifuniko kilichochoka? Nani alimwamuru fundi aunge feni moja kwa moja kwenye swichi, sensa iachwe? Mara nyingi ni tajiri. Feni hiyo inakula umeme kutwa nzima kama taa kubwa mbili, mota inachakaa mapema, na ikikata roho hakuna anayejua mpaka mshale umepanda. Wengine hutoa na thamostati, injini ikachelewa kupata moto na kunywa petroli zaidi. Mwaka 2024, watu walipolala foleni vituoni, petroli hiyo ilitoka mfukoni mwa nani?

Dereva naye ana wajibu. Mshale ukipanda asimame, azime, angoje. Kifuniko cha moto kisifunguliwe, maji yake huchubua uso. Anayeendelea kukanyaga mafuta kwa kuogopa kupoteza abiria, huyo tutashindwa kumtetea.

Tunachodai ni karatasi moja. Kabla ya kukabidhiana funguo, feni, kifuniko na maji vikaguliwe mbele ya tajiri na dereva, wote watie sahihi. Injini ikiungua, fundi asiye wa tajiri apime kwanza fyuzi, rilei na sensa. Kabla ya hapo asikatwe mtu hata faranga moja.