Karafuu Yetu, Kufuli Lao

Karafuu twaijua sisi watu wa pwani. Twaitia katika pilau na chai, twaitafuna jino linapouma, na mwenye kwenda Pemba wakati wa mavuno hupokewa na harufu yake kabla ya kupokewa na watu. Lakini kuijua harufu si kuijua elimu yake. Haya nimefunzwa na mpwa wangu, bintiye dada yangu, anayesomea shahada ya uzamili ya kemia katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii.

Kazi aliyopewa ni kuyageuza mafuta ya karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo huitwa yujinoli. Ikipikwa pamoja na potashi kali, kiungo kimoja kilicho baina ya kaboni mbili husogea hatua moja tu, ikawa isoyujinoli. Nayo hiyo ikitiwa oksijeni kwa kiasi chake, hutoka vanilini, harufu ile ya keki na aiskrimu. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza vanilini kwa kuanzia na utomvu wa msonobari, na kabla ya karne ile kwisha viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiitoa katika mafuta ya karafuu.

Basi binti yetu alianzaje? Alifungua kitabu kimoja cha muhtasari, akakuta mistari miwili: tia potashi, pasha moto. Haikutajwa moto wa kiasi gani, wala kwa muda gani, wala mafuta yayeyushwe katika nini. Miezi miwili akawa anapika lami nyeusi. Aliponijia analia nilimwuliza swali alilokuwa akituuliza mwalimu wetu chuoni (nasema chuo cha Kurani, si hivi vikuu) kila tulipomletea neno: "Umelipokea kwa nani, na yeye kalipokea kwa nani?"

"Mjomba," akanijibu, "hilo sikuliuliza."

Waama, hapo ndipo ilipo kadhia yote. Kemia nayo ina isnadi yake. Chini ya kila makala ya kitaalamu wametajwa waliotangulia, na chini ya makala zao wametajwa waliowatangulia wao. Anayekomea kwenye muhtasari ni sawa na anayesimulia hadithi asiwajue wapokezi wake. Sharti apande ngazi mpaka amfikie yule aliyesimama mwenyewe mbele ya moto, kisha ashuke tena kuwatazama waliokuja baadaye, nani kasadikisha na nani kasahihisha. Uko hata mkusanyo uitwao Organic Syntheses, uliotoka tangu mwaka 1921, ambao hauchapishi njia yoyote mpaka ijaribiwe upya katika maabara ya mtu mwingine. Nao husomwa bila malipo.

Mtego wa pili ni majina. Kitu kimoja huitwa hivi na huyu, vile na yule. Binti alitafuta kwa neno "karafuu" akamiminiwa dawa za meno. Wenye Chemical Abstracts, faharasa ya Marekani iliyoanza mwaka 1907, waliliona tatizo hili, na tangu mwaka 1965 wanakipa kila kitu nambari yake. Yujinoli ni 97-53-0, na isoyujinoli ni 97-54-1. Alipozitafuta nambari hizo mbili pamoja, njia ikafunguka.

Ikafunguka, lakini mlangoni pana kufuli. Makala moja hudaiwa dola thelathini na zaidi, nayo chuo chake hakikuwa kimelipia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Makala kongwe ya Kijerumani, ambayo hakimiliki yake imekwisha, aliipata bure katika hazina ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, akaisoma kwa kamusi mkononi. Makala mpya alimwandikia mtungaji wake, akapelekewa kwa siku chache. Lami ikakoma.

Wako watakaosema kwamba ni kazi ya mwalimu kumpa mwanafunzi njia iliyo tayari. Mimi nakataa. Anayepewa njia tayari atarudi kuomba nyingine kesho. Rai yangu ni kwamba vyuo vikuu vyetu visimkabidhi mwanafunzi chupa za maabara kabla hajakaa na mkutubi akafunzwa kutafuta. Vishirikiane kulipia yale yaliyofungwa, kwani kimoja kimoja haviwezi. Na wasomi wetu wanapoandika juu ya mimea yetu, waandike mahali ambapo mtoto wa Lamu au wa Wete aweza kusoma bila kutoa dola.

Karafuu iliondoka kwetu kwa magunia, ikarudi ikiwa katika vichupa vya manukato kwa bei ya kutisha. Tuliyavumilia hayo. Lakini elimu ya karafuu ikiuzwa kwetu kwa ukurasa, na sisi tukanyamaza, basi lawama si ya mwenye kufuli peke yake.