Kura inabaki Soitsambu, mpiga kura yuko safarini

Oktoba ni mwezi mgumu kwa mfugaji wa Soitsambu. Nyasi za karibu na boma zimekwisha, mvua za vuli bado hazijakolea, na vijana wako mbali na ng'ombe. Huo ndio mwezi ambao Tanzania hufanya Uchaguzi Mkuu. Mwaka 2025 ilikuwa Jumatano, Oktoba 29.

Utaratibu ni huu: unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha. Ruhusa ya kupigia kwingine ni ya wachache, hasa wanaofanya kazi ya uchaguzi wenyewe. Serikali iliitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko, sawa. Lakini siku moja haimrudishi kijana aliye malishoni, wala dereva wa Karatu aliye Kogatende na wageni wanaosubiri nyumbu wavuke Mto Mara. Kura yake imeishia hapo.

Na ukivuka mpaka? Ndiyo basi tena. Mtanzania aliye nje hana kituo cha kura ubalozini.

Wenzetu Kenya waliliweka kwenye Katiba ya 2010. Wakaanza 2013 na nchi jirani za Afrika Mashariki, na kufikia 2022 walikuwa na vituo katika nchi 12. Kwa hiyo Mkenya anayefanya kazi Arusha humpigia kura rais wake hapo hapo Arusha, wakati Mtanzania aliyevuka kuingia Narok, jirani kabisa na Soitsambu, hana pa kwenda. Tusiwapambe sana: 2022 waliojiandikisha nje ya Kenya walikuwa kama 10,400 tu, na kura yao ni ya rais peke yake. Ila mlango upo.

Kwetu, nia ikiwepo mambo huwa yanawezekana. Kwenye uandikishaji ulioanza Kigoma Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliweka vituo 130 kwenye magereza ya Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo Zanzibar. Kama kituo kimemfuata mfungwa, kumfuata mfugaji au dereva kunashindikana wapi?

Halafu kuna watu ambao hawakusafiri, ila kituo chao ndicho kilichosafiri. Agosti 2, 2024, tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika Tarafa ya Ngorongoro. Soitsambu, iliyo Tarafa ya Loliondo, haikuguswa. Wakazi wa tarafa hiyo walilalamika kwamba uandikishaji wao umehamishiwa Msomera, Handeni, takriban kilomita 600 kutoka nyumbani. Maelfu wakaingia barabarani kwenye njia ya kwenda Serengeti. Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo, na siku iliyofuata Waziri William Lukuvi akawaambia watapiga kura hapo hapo.

Kilichotakiwa mapema kuliko yote ni taarifa. Ukiwa malishoni unajuaje kituo kimehama? Mwaka ule mkanganyiko ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu madaftari yalikuwa mawili: lile la kudumu la Tume, na orodha ya TAMISEMI ya uchaguzi wa serikali za mitaa, iliyoandikishwa Oktoba 11 hadi 20 tu. Kuwa na kadi ya Tume hakukukuingiza kwenye orodha hiyo. Aliyerudi bomani Oktoba 21 alikuwa ameshachelewa kumchagua mwenyekiti wa kijiji hadi 2029. Na huyo mwenyekiti ndiye anayekaa kwenye vikao vya ardhi, kitu ambacho Loliondo kinauma tangu eneo la Pololeti la kilomita za mraba 1,500, malisho ya kiangazi, lilipowekewa mipaka Juni 2022.

Tunaambiwa taarifa ziko mtandaoni. Kiukweli, kwa msafiri simu ndiyo kila kitu. Lakini Oktoba 29 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Aliyekuwa njiani akabaki na redio ya gari na maneno ya watu stendi.

Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Awamu ijayo ikitangazwa, cha kwanza kutazama kwenye ratiba ya Ngorongoro ni mwezi: siku za mvua ng'ombe wakiwa nyumbani, au kiangazi boma zikiwa na wazee na watoto.