Uraibu wa sarafu wahitaji daftari

Neno uraibu lina uzito wake katika Kiswahili. Husemwa juu ya tambuu, husemwa juu ya tumbaku, yaani kitu ambacho mtu akishakizoea hawezi kutulia mpaka akipate. Neno hilo hilo hutumika pia kwa shughuli ambazo watu hujiburudisha nazo baada ya saa za kazi. Wapo wanaodhani kuwa maana hizo mbili zimechanganywa kwa makosa. Lakini yeyote aliyewahi kukaa karibu na mkusanyaji wa sarafu za zamani atakiri kwamba lugha haikukosea hata kidogo.

Mkusanyaji wa sarafu kwa kawaida huanza bila ya kukusudia. Mtumishi wa ofisi ya wilaya hufungua kasha la marehemu bibi yake, akakuta humo senti kumi yenye tundu katikati. Huitia mfukoni, huionyesha wenzake ofisini, huicheka kidogo, kisha huiweka katika kopo. Senti moja haina neno. Mambo huanza siku anapogundua kwamba ipo nyingine ya mwaka mwingine, na ya tatu yenye jina la mfalme mwingine, na kwamba zote zimekwisha orodheshwa na zina hesabu inayojulikana. Tangu hapo hazioni tena zile kumi alizo nazo. Huiona ile moja asiyo nayo.

Hapo ndipo ilipo siri ya mvuto huu. Mtu anayekusanya mawe ya pwani hana mwisho, na kwa hiyo hana wasiwasi. Lakini sarafu hutolewa kwa mafungu, kila fungu na miaka yake na thamani zake, na pengo moja katika fungu humsumbua mwenye nalo kama jino lililong'oka. Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina alieleza matokeo ya majaribio aliyoyafanya Ujerumani: watu waliokatizwa kazi kabla ya kuimaliza walielekea kuirudia wenyewe, pasipo kuamrishwa wala kuahidiwa malipo. Mkusanyaji wa sarafu ni mtu aliyekatizwa kazi kila siku ya maisha yake. Akiziba pengo moja, orodha humfungulia jingine.

Juu ya hayo, Afrika Mashariki ni mahali penye vishawishi vingi kwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitolewa pesa za shaba zenye picha ya mizani. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walileta rupia, na mwaka 1904 wakaigawa katika heller 100. Neno hela, linalotamkwa kila asubuhi sokoni, ndilo kumbukumbu iliyobaki ya sarafu hiyo kwa watu ambao hawajapata kuiona. Heller kumi zenye tundu zilianza mwaka 1908. Baadaye ikaja shilingi ya mwaka 1921, yenye simba, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar nayo ikaingia katika shilingi hiyo mwaka 1936.

Mwaka huo wa 1936 una kisa chake. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alikaa katika kiti cha enzi kwa muda usiotimia miezi kumi na moja, akajiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa kwa raia wa nchi yake. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, wala hazikuhitaji sura ya mfalme. Zilihitaji jina lake tu. Zikafuliwa, zikaletwa, zikatumika kununulia chumvi na viberiti. Hivyo mkulima wa Tanganyika alishika mkononi jina la mfalme ambalo Mwingereza wa London hakulipata katika chenji yake. Mtu akishaambiwa habari hiyo, senti yake ya tundu haiwezi kuwa kipande cha shaba tena.

Wala haipo sarafu inayowatia watu wa uraibu huu kiherehere kuliko ile ya Tabora. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, wala fedha hazikuweza kuja kutoka kwao. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na katika karakana ya reli ya Tabora wakafua sarafu za rupia 15. Upande mmoja waliweka tai wa dola yao, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilifuliwa kama 16,000 hivi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, na kazi ikakoma. Sarafu hizo sasa zimetawanyika katika minada ya Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo si haki kumcheka mkusanyaji na kumwita mtoto mkubwa. Uraibu huu umewashika watu wenye akili na watu wenye madaraka. Francesco Petrarca, mshairi wa Italia wa karne ya 14, alikusanya sarafu za Warumi wa kale, na mwaka 1354 akampa Kaisari Karl wa Nne baadhi yake, ili aangalie sura za watawala waliomtangulia na ajifunze kwao. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: uraibu huo humfikisha wapi mwenye kushikwa nao? Wafalme wawili wa karne ya 20 wanatoa jibu.

Wa kwanza ni Farouk wa Misri. Alikusanya kila kitu, na katika vitu hivyo zilikuwamo sarafu na nishani za dhahabu zipatazo 8,500. Alinunua kwa pupa, kama mtu anunuaye njugu. Mwaka 1952 alipinduliwa, na mwaka 1954 hazina yake ikapigwa mnada huko huko Cairo katika kasri ya Koubbeh. Katika hazina hiyo ilikuwamo sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933, ambayo serikali ya Marekani ilikuwa imeamuru isitolewe kwa raia bali iyeyushwe. Wamarekani walitaka iondolewe katika mnada; ikaondolewa, kisha ikapotea. Sarafu inayoaminiwa kuwa ndiyo hiyo ilionekana New York mwaka 1996 na kushikwa na vyombo vya dola. Baada ya kesi iliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni saba, na mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 18.

Wa pili ni Vittorio Emanuele wa Tatu wa Italia. Naye alianza utotoni, naye alishikwa barabara, hata akafikisha sarafu zaidi ya 100,000. Naye alipoteza kiti, mwaka 1946. Katika siasa hakuacha jina la kujivunia, kwa maana ndiye aliyemkabidhi Mussolini serikali. Lakini katika jambo hili moja alifanya kazi ya kweli. Kila sarafu aliyoipata aliiandika: ilifuliwa wapi, na nani, ina maneno gani. Kuanzia mwaka 1910 maandishi hayo yalichapwa, yakawa vitabu 20, navyo hutumiwa na wataalamu hadi leo. Alipokwenda uhamishoni aliiachia nchi yake sarafu zenyewe, na sasa zimo katika jumba la makumbusho la Roma.

Wafalme wote wawili walishikwa na uraibu ule ule, na wote waliondoka bila ya taji. Tofauti yao ni daftari. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na hapa usemi huo unatimia neno kwa neno. Mwenye daftari ni mkusanyaji. Asiye nalo ni mrundikaji tu, hata kama kopo lake limejaa dhahabu.

Jambo hili lingekuwa la wafalme na matajiri peke yao, lisingestahili kuchukua nafasi katika ukurasa huu. Lakini linaigusa nchi hii mahali penye uchungu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba kwa karne kadhaa, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina: upande mmoja sifa za Mwenyezi Mungu, upande wa pili jina la Sultani. Hazina tarehe. Kwa hiyo sarafu ya Kilwa iliyong'olewa mahali pake na kutiwa mfukoni husema nusu tu ya habari zake. Nusu ya pili imo katika udongo: ilikuwa katika tabaka gani, karibu na kigae gani, chini ya ukuta gani. Anayeichimba usiku na kumuuzia mtalii huuza ile nusu moja, na hiyo ya pili huiharibu moja kwa moja.

Mifano ipo. Mwaka 1971 sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, sarafu hiyo moja ya shaba inathibitisha kwamba mji ule wa bara ulifikiwa na biashara ya pwani ya Waswahili. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, waakiolojia walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za ng'ambo. Dinari hizo zilikuwa na tarehe, na kwa kuwa zilikutwa pamoja na zile za fedha, zilisaidia kukadiria umri wa sarafu za kienyeji ambazo zenyewe hazisemi. Lau mtu mmoja angezigawa kwa sonara na wachuuzi, ukurasa huo wa historia ungeyeyuka pamoja nazo.

Mfano wa tatu ni wa mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa. Alizihifadhi katika kopo kwa miaka mingi, na zilipochunguzwa mwaka 1979 ikaonekana kwamba nne ni za Waholanzi na tano ni za Kilwa. Zilifikaje huko, kiasi cha kilomita 10,000 kutoka kwao? Hapana ajuaye. Lakini Isenberg alikuwa ameweka alama katika ramani kuonyesha mahali alipoziokota, na kwa alama hiyo moja ya kalamu watafiti waliweza kurudi huko mwaka 2013 kutafuta zaidi. Askari yule hakuwa mtaalamu. Alifanya tu lile ambalo kila mkusanyaji anaweza kulifanya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Zanzibar ina sheria yake. Hata hivyo sheria haikai zamu katika kila gofu. Anayekaa karibu na magofu ni mwalimu wa shule ya kijiji, ni bwana afya, ni mtendaji wa kata. Mtoto akileta darasani sarafu aliyoiokota baada ya mvua, mwalimu ndiye wa kwanza kuulizwa, na jibu lake ndilo litakaloamua kama sarafu hiyo itafika makumbusho au itaishia katika mkufu. Ajue basi mambo matatu: isisuguliwe kwa majivu wala limau, mahali ilipopatikana paandikwe siku hiyo hiyo, na habari zipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale.

Kwa yule aliyekwisha shikwa na uraibu, dawa si kumkataza. Uraibu uliokatazwa hujificha, na uliojificha ndio unaonunua vya magendo. Mwacheni akusanye, lakini akusanye vya halali na aandike. Hana haja ya dhahabu ya Tabora, ambayo bei yake haifanani na mshahara na ambayo za bandia zimezagaa. Zipo sarafu za mwaka 1966, za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania: senti tano yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye Mwenge. Mwanafunzi aliyezoea sarafu ya shilingi 500, iliyoanza kutolewa mwaka 2014, hajapata kuishika senti tano, na pengine haamini kwamba iliwahi kununua kitu. Fungu hilo likiwekwa katika kabati ya darasa, na kando yake daftari linaloeleza kila moja ilinunua nini na iliachwa kwa nini, mwalimu atakuwa amepata somo la historia, la hesabu na la uchumi kwa gharama ndogo mno.

Kiu ya kuziba pengo haitoki kwa mtu aliyeumbwa nayo. Inaweza kumfanya mwizi wa makaburi na magofu, na inaweza kumfanya mlinzi wa kumbukumbu za taifa bila ya mshahara. Kinachoamua kati ya hayo mawili ni kalamu na daftari la mistari, vitu ambavyo havikosekani katika meza ya mwalimu yeyote wala ya mtumishi wa serikali.