Gari ikigonga chini, tuisikilize kwanza



Juma hili tunaacha jikoni na daftari za watoto, tunashuka chini ya gari. Wengine watauliza: nani kati yetu ni fundi wa magari? Hakuna. Lakini ile Noah ya kikundi chetu ndiyo inapeleka watoto shuleni kila asubuhi, na Jumamosi ndiyo inakwenda Makobola na Swima kuchukua muhogo na mafuta ya mawese. Tumeinunua kwa akiba ya kisanduku chetu, dola moja moja. Ikiharibika, ni sisi tunalipa. Ikituangushia watoto njiani, ni sisi tutalia.

Mwezi uliopita ilianza kupiga kelele. Tok-tok-tok, upande wa mbele, kila mara ilipotoka kwenye barabara kubwa na kuingia njia za ndani zenye mawe. Shofere wetu alipata dawa yake: aliongeza sauti ya redio. Sisi tukampeleka garaji.

Fundi wa kwanza hakuendesha gari hata hatua kumi. Alisukuma mbele kwa mkono mara moja, akasema: «Mama, ni amortiseri. Zote zimekufa.» Tukatoa dola 130 kisandukuni kwa zile mbili za mbele, pamoja na kazi yake. Kesho yake asubuhi watoto walipanda, gari ikaingia kwenye mawe: tok-tok-tok, kama jana. Mkutano wa jioni hiyo hatutausimulia hapa. Kila mama aliyekuwepo anaukumbuka.

Baada ya hasira kupoa, tulifanya kama tunavyofanya darasani. Mtoto akikosa hesabu, kumwambia «umekosa» hakumsaidii kitu. Tunarudi naye mstari kwa mstari mpaka tuone amepotea wapi. Tukachukua daftari moja la kurasa 48, tukapiga mistari: kelele imetokea wakati gani, mahali gani, upande gani, nani ameisikia. Likakaa ndani ya gari siku nne, na kila mama aliyesindikiza watoto aliandika.

Siku ya kwanza tulitoa vitu vyote ndani ya gari. Mama, fanyeni hivi kabla ya kutoa hata franga moja. Nyuma tulikuta kiriki ya kuinulia gari imelala bila kufungwa, bido mbili tupu na ufunguo wa magurudumu. Kelele ilipungua karibu nusu! Tulicheka, halafu tukakumbuka zile dola 130, tukanyamaza. Tukakaza pia skrubu za magurudumu, kwa sababu gurudumu lililolegea linagonga, na hilo halingoji fundi. Tukatikisa bomba la moshi gari ikiwa baridi, tuone kama halipigi kwenye chuma cha chini.

Kelele iliyobaki ilikuwa ya gari yenyewe. Ya upande gani? Shofere alisema kulia. Magari yetu haya yanatoka Japani na usukani wake uko kulia, basi shofere anasikia vizuri kilicho chini ya miguu yake, na cha upande mwingine anakisikia kwa mbali. Mtoto mmoja wa darasa la tatu, anayependa kukaa mbele kushoto, ndiye aliyesema: «Mwalimu, inapiga hapa chini yangu.» Tukamwandika kwenye daftari kama shahidi.

(Kwa kuwa tumetaja upande wa kushoto: mlango wa kusukuma wa Noah yetu uko kushoto. Kwetu tunapita kulia, kwa hiyo mtoto anashukia katikati ya barabara, mahali pikipiki zinapopita. Mtu mzima ashuke kwanza, asimame pale. Tutaliandikia siku yake.)

Sasa sauti zenyewe. Si zote zina maana moja.

Tok-tok nyepesi, ya haraka, gari ikienda polepole kwenye mawe madogo: mara nyingi ni bieleti. Mbele ya gari kuna chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari isilale sana kwenye kona, na bieleti ni vile vijiti vifupi vinavyokishika kila upande. Vichwa vyake vikilegea, vinagonga. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Tafuteni tuta la barabarani, mlipite polepole, magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja. Halafu piteni mahali ambapo gurudumu moja tu linaingia kwenye shimo. Kama tutani kelele inanyamaza na shimoni inarudi, shikeni bieleti kwanza, maana chuma kile hakijipindi pande zote mbili zikipanda sawa. Sisi tulilifanya jaribio hili, watoto wakihesabu kelele kwa sauti. Tutani sifuri. Shimoni kushoto, saba.

Amortiseri iliyokufa ina tabia nyingine. Sukumeni kona ya gari chini kwa nguvu, mwachie. Ikipanda na kutulia, bado ina nguvu. Ikiendelea kucheza kama mtumbwi ufukweni Kalundu, imechoka. Tazameni pia kama mafuta yametiririka kwenye mwili wake. Zile zetu za zamani hazikuvuja. Tungejua kutazama, tungeziacha mahali pake.

Kishindo kimoja kizito, duk, mnapokanyaga freni, na kingine gari inapoanza kuondoka: hapo tafuteni silenbloki, ile mipira iliyobanwa kwenye mikono ya chuma ya chini. Mpira ukipasuka, mkono unakwenda mbele na nyuma. Kelele ya resori inayolia unapozungusha usukani gari ikiwa imesimama, ni kiti cha juu cha amortiseri. Na tak-tak-tak mnapokata kona huku mkikanyaga gesi, kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ni kadani. Hayo tunayapita haraka, kwa sababu kuna moja linalotaka nafasi.

Kwenye daftari, mama mmoja muuza ndagala aliandika mstari ambao hakuna aliyeujali: «Asubuhi, tunakata kuingia shuleni, dok, mara moja, kulia.» Mara moja tu, wala si kila siku. Sote tulikuwa tunawinda ile tok-tok ya kushoto iliyotuchosha masikio.

Tulipompelekea fundi wa pili daftari letu, alilisoma lote akiwa amesimama. Bieleti ya kushoto aliikubali bila kubisha. Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari wa muuza ndagala, akainua gari upande wa kulia, akaweka vigogo vya mti chini ya chuma kikuu ili isiwe juu ya kiriki peke yake. Alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halafu akaingiza mtalimbo chini ya mpira wa gurudumu, akainua polepole, akatuambia tutazame ndani. Tuliona. Rotili ilikuwa inacheza kwenye kikombe chake, na ile kofia yake ya mpira ilikuwa imepasuka nusu.

Rotili ni kama kifundo cha nyonga: tufe la chuma ndani ya kikombe, lenye grisi, lililofunikwa kwa kofia ya mpira. Ndiyo inayoshika gurudumu ili liweze kugeuka na bado libaki mahali pake. Ikilegea sana inachomoka, na gurudumu linajikunja chini ya gari. Usukani haufanyi kazi tena. Ikitokea mkiwa kwenye lango la shule, mna bahati. Ikitokea kwenye mteremko wa Ngomo, au mkiwa na mwendo kati ya Kiliba na Sange, hatuna la kuandika.

Na ndiyo hiyo iliyokuwa inatuambia dok moja tu kwa siku, huku bieleti, ambayo haiwezi kuangusha gari, ikipiga kelele barabara nzima.

Kwa nini kofia zinapasuka hivi kwetu? Tutazame tunapopita. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipoteremsha mawe mpaka kwenye nyumba za watu, kuna njia ambazo gari inatembea juu ya mawe ya mto. Ziwa likipanda, kama mwaka 2021 na 2024, upande wa Kilomoni magari yanapita ndani ya maji. Kofia ikishatoboka, maji na mchanga vinaingia, grisi inatoka, na chuma kinasaga chuma. Kofia haipigi kelele ikipasuka. Kelele inakuja baadaye, kazi ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo mkipita kwenye maji, siku ile ile au kesho yake mtu ainame na taa ya simu, atazame zile kofia nyuma ya magurudumu ya mbele. Kama grisi imetapakaa pale, msingoje mlio. Msiingie chini ya gari iliyoinuliwa kwa kiriki tu. Kutazama kwa kuinama kunatosha.

Mkishika gurudumu lililoinuliwa, kumbukeni saa ya ukutani. Mkono mmoja kwenye 12 na mwingine kwenye 6: likicheza, ni rotili au rulema. Mkono kwenye 9 na kwenye 3: likicheza hapo tu, tafuteni rotili ndogo za usukani. Likicheza pande zote, na gari inavuma zaidi kadiri inavyoongeza mwendo, ni rulema.

Tulisimamisha gari siku hiyo hiyo. Rotili ilibidi itoke ng'ambo, Bujumbura, na kwa siku nne watoto walitembea kwa miguu. Mama wawili walikasirika, na tunawaelewa: mmoja ana watoto watatu na anafungua meza yake sokoni saa kumi na mbili. Alituuliza mbele ya wote: «Jana gari ilitembea, juzi ilitembea, leo imekuwa nini?» Hatukuwa na jibu zuri kuliko kumpeleka garaji akashike ule mtalimbo mwenyewe. Aliinua mara mbili, akaona tufe likipanda na kushuka. Hakusema neno. Siku iliyofuata alikuja na dola tano za kuchangia rotili.

Kwa mama wenye gari, au wenye mume mwenye gari, ambayo ni shida nyingine: mnapokwenda garaji msiseme «badilisha amortiseri» wala «badilisha rotili». Mkitaja kipande, mtauziwa kipande hicho. Semeni gari inafanya nini: inapiga wakati gani, upande gani, kwenye freni, kwenye kona au kwenye mawe. Mwombeni fundi aende nanyi barabarani hata dakika tano. Kabla ya kulipa, awaonyeshe kwa mkono kile kinachocheza, na kipande cha zamani mrudi nacho nyumbani. Rotili au mkono wa chini ukibadilishwa, magurudumu yapimwe yaende sambamba, la sivyo mipira mipya italiwa upande mmoja, na mpira nao una bei.

Hesabu ya kisanduku ni hii: dola 130 za amortiseri ambazo hatukuzihitaji, dola 15 za bieleti ya kushoto, dola 35 za rotili, dola 20 za kazi ya fundi wa pili. Jumla 200. Mtunza kisanduku ana karatasi zote, anayetaka kuziona aje Jumatano.

Fundi alitushauri kubadilisha pia bieleti ya kulia, kwa sababu huwa zinachoka pamoja. Fedha haikutosha. Sasa hivi inapiga kidogo tunapopita kwenye mawe, tok moja, tok mbili, na imeandikwa kwenye daftari. Itangoja mgawo wa mwisho wa mwezi. Rotili ya kushoto nayo ilitazamwa: kofia yake ni nzima, na muuza ndagala amepewa kazi ya kuitazama kila Jumamosi gari ikirudi kutoka Swima.